Meza za Huruma, Viti vya Baba Dogo

Wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza kama Ngigi alinifukuza. Hakunifukuza. Alinipa hadi Ijumaa.

Kwa aliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza: naitwa Warigia, naishi Huruma na watoto wangu wawili, Gathoni na Kibe. Saluni yangu iliungua, kibanda changu cha mboga kikapitiwa na tingatinga la barabara, na mume wangu Dedan nimewaambia kila wiki kwamba yuko Qatar anajengea watu maghorofa. Hilo la Qatar tutalirudia. Tulieni.

Ngigi ndiye mwenye jengo lile la kona. Alikuwa amekubali nitumie veranda yake ya nje kuuza chai na mandazi. Kila mtu Huruma anaitamani veranda hiyo, kwa sababu anayetoka kazini na anayeenda kazini wote wanapita mbele yake. Kwangu ilikuwa nafasi ya mwisho. Baada ya hapo ningerudi kwa mama yangu kijijini na masanduku, na mama yangu hanyamazi.

"Lakini sitaki mabenchi," Ngigi aliniambia. "Benchi inaleta vijana wa kukaa siku nzima na kikombe kimoja. Mimi nataka meza ndogo ndogo na viti viwili viwili, kama zile za mjini. Ijumaa asubuhi nikipita hapa nizipate nje, zimepangwa."

"Na usipozipata?"

"Nampea yule wa chipo za viazi. Ameshanunua karai."

Alhamisi asubuhi nikaenda Isili, kwenye maduka ya jumla.

Falis tunajuana tangu enzi za saluni, wakati aliniuzia taulo kwa jumla. Siku hizi anauza vitu vya nyumbani, na kontena lake lilikuwa limeingia juzi tu. Alinionyesha seti moja aliyoifungua kama sampuli. Meza ya duara yenye miguu ya chuma, viti viwili vya kukunja, rangi ya kijani. Nilikaa. Nikainuka, nikakaa tena. Nilijiona tayari nikiwa kwenye veranda nikimwambia mteja karibu.

"Nataka nusu ya lot hii, nusu ya mzigo," nikamwambia.

"Abaayo, dada yangu, nusu haiko. Lot ni moja, na katoni haifunguliwi mpaka ulipe. Kiwanda kimefunga hivyo."

"Falis, lot nzima nitaiweka wapi? Mimi naishi chumba kimoja."

"Tafuta mtu mgawane. Wallahi kila mtu hapa anagawana."

Na ni kweli. Isili wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana watashikana, wanunue mzigo mmoja, waugawane hapo mlangoni, kila mmoja aende zake. Unamwuliza mwenzako jina la mtoto wake na namba ya simu, basi. Jina la baba wa mtoto hakuna anayeuliza.

"Hata mimi nataka nusu," sauti ikasema nyuma yangu. "Tushikane?"

Niligeuka. Alikuwa msichana mnene mnene mwenye mwanya, amefunga kitambaa cha manjano. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mbona kama nakujua?"

"Sura yangu ni ya kawaida," nikamwambia. "Mimi ni Mama Gathoni."

"Mama Eve."

Nilimpenda pale pale, siwafichi. Alijua kubembeleza bei bila kumkasirisha mwenye duka. Alimchekesha Falis hadi Falis akatuongezea vitambaa vya meza vya bure. Tukabadilishana namba, tukalipa, na wabebaji wakapanga katoni mlangoni.

"Fungueni hapa hapa," Falis akatuonya. "Kila mtu aangalie zake."

Hapo ndipo mvua ilipomwagika.

Mnaoijua Isili mnajua mvua yake. Kichochoro kilijaa maji kabla hatujapata hata karatasi ya nailoni. Meza zenyewe juu ni mbao za kubandika, zikilowa zinafura kama mandazi. Nani angefungua katoni kwenye maji yale?

"Chukua za kushoto, mimi nichukue za kulia!" Mama Eve akapiga kelele.

Katoni zote zilikuwa sawa, zimeandikwa Kichina. Nikachukua za kushoto. Akachukua za kulia. Kila mtu akakimbia na mkokoteni wake.

Nyumbani nikaita jirani yangu Asenath aje aone. Tukafungua ya kwanza. Meza. Ya pili, meza. Tulifungua zote, na chumba changu kikajaa meza ambazo hazikuwa na kiti hata kimoja.

"Ni nzuri," Asenath akasema. "Wateja watakuwa wanakaa juu?"

"Asenath, nyamaza."

"Nauliza tu."

Nikampigia Mama Eve. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nikatoka hadi ngazini, nikarudi, nikapiga tena nikiwa nimesimama juu ya kitanda kana kwamba mtandao uko darini. Hapatikani.

"Ndiyo umeibiwa hivyo," Asenath akasema. "Unajua jina lake kamili?"

"Mama Eve."

"Nairobi nzima imejaa kina Mama Eve, wewe!"

Kisha Asenath akanikumbusha kitu ambacho kila mtu hapa anajua. Ukitaka kumjua mwenye namba, jifanye unamtumia pesa kidogo kwa M-Pesa. Jina lake litatokea kabla hujamaliza, na hapo unakatiza. Nikaandika namba ya Mama Eve. Nikabonyeza.

Jina likatokea. Dedan Ndirangu.

Nilisoma mara ya kwanza kama mtu asiyejua kusoma. Asenath akachungulia, halafu akajifanya anakunja katoni.

"Kina Ndirangu ni wengi," akasema polepole.

"Na kina Dedan?"

Akakunja katoni nyingine.

Nikamtumia Dedan ujumbe wa sauti huko kwake Qatar. Nikatia sukari kwenye sauti yangu. Mpenzi, habari ya huko, hali ya hewa ikoje?

Alijibu haraka, naye kwa sauti. "Sasa mama. Huku Doha ni jua tu, linachoma hadi viatu. Niko site, nitakupigia Jumapili. Salimia watoto."

Tukausikiliza tena, sikio langu na la Asenath kwenye simu moja. Nyuma ya sauti ya Dedan mvua ilikuwa inapiga mabati.

Hata ya kwetu ilikuwa bado haijaisha.

Sikulia. Ningependa kuwaambia nililia, mngenionea huruma, lakini nilikuwa na hasira iliyonizunguka mwili mzima nikakosa pa kuiweka. Nilitembea kati ya meza zile, nikijigonga magoti, nikihesabu siku za Ramadhani za mwaka ule alioniambia Doha hakuna chakula mchana, nikikumbuka nilivyomwonea huruma.

Simu ikalia. Kwenye kioo imeandikwa Mama Eve.

"Mama Gathoni!" Alikuwa anacheka. "Simu ilikuwa imezima chaji. Umeona maajabu? Mimi niko na viti tupu! Nimejaza nyumba viti kama ya mazishi!"

"Mimi niko na meza," nikasema.

"Basi leta nusu ya meza uchukue nusu ya viti. Niko Baba Dogo. Ukifika hapo kwa posho mill, wanaposaga unga, unipigie, nitakutoa."

Baba Dogo. Kutoka Huruma mtu anaenda kwa miguu akiwa amevaa ndala.

"Usiende," Asenath akasema. "Ama uende na polisi. Ama uende na mimi."

"Wewe kaa na watoto. Mimi nafuata viti vyangu."

"Viti tu?"

"Viti kwanza."

Mvua ilipopungua nikatafuta mwenye mkokoteni, tukapakia nusu ya meza, nikazifunika nailoni. Njiani nilitunga maneno. Nilipanga nitakavyomwita, nitakavyomvua kile kitambaa cha manjano, nitakavyopiga nduru hadi majirani wajae ngazini. Nilikuwa natembea mbele ya mkokoteni kwa kasi, hadi yule mwenye kuusukuma akalalamika.

"Mathee, pole pole. Mimi ndiye nabeba, si wewe."

Mama Eve alitupokea barabarani kwa mwavuli, akanifunika mimi kwanza kabla yake. Tukapanda ghorofa ya kwanza, meza zikabebwa nyuma yetu. Sebule ilikuwa imejaa viti vya kijani, na katikati yake msichana mdogo alikuwa amekaa kwenye kimojawapo, akibembea miguu.

"Eve, salimia shosho... ai, si shosho, salimia auntie!"

Mtoto akanipa mkono. Masikio yake yamechomoza kidogo juu, upande wa kushoto zaidi. Masikio hayo mimi huyaosha kila jioni kichwani kwa Kibe.

Maneno yangu yote ya njiani yakapotea.

"Keti, keti," Mama Eve akasema. Kisha akasimama ghafla akaziba mdomo. "Ngoja. Ngoja tu. Sasa nimejua!"

Akakimbia chumbani, akarudi na simu ya zamani ya Dedan, kioo kimepasuka. Akanionyesha picha. Nilikuwa mimi, Gathoni na Kibe nje ya kanisa, siku ya Pasaka. Dedan ndiye aliyetupiga picha hiyo.

"Wewe si ni dada ya Dedan? Dada yake wa Huruma!"

Wasomaji wangu, hapa ndipo wengi mtanitupia gazeti. Mwenye mkokoteni alikuwa amesimama mlangoni, mikononi ameshika viti viwili vya kwanza, anangoja niseme beba. Kesho asubuhi Ngigi angepita kwenye veranda. Nikijibu ukweli, viti vile havitatoka humo ndani. Nikajiambia, acha viti vipakiwe mkokotenini kwanza, halafu nitasema.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi. Beba," nikamwambia mwenye mkokoteni.

Mama Eve alinikumbatia hadi nikapungukiwa na pumzi. "Wifi! Wifi yangu! Mimi ni Carolyne. Kumbe nilinunua vitu na wifi yangu bila kujua! Dedan aliniambia mlikosana juu ya shamba la marehemu baba yenu. Nimemwomba mara ngapi tuje tukusalimie! Anasema wewe ni mkali."

"Hapo hakudanganya."

"Lakini mbona huonekani mkali?"

"Bado."

Akacheka sana. Alidhani ni utani.

Nilikaa. Nikainuka nikaenda dirishani. Nikarudi nikakaa kiti kingine. Chini mwenye mkokoteni alikuwa anafunga kamba.

"Dedan yuko wapi saa hizi?" nikauliza.

"Kazini, Industrial Area, kwa ile godauni ya rangi. Si unajua?" Akajigonga paji la uso. "Utajuaje na hamuongei. Hata hii laini ninayotumia ni yake, kitambulisho changu kilipotea. Mimi nimekuwa nikisema, mwanamume mzuri hivi hawezi kukosa watu."

Mwanamume mzuri hivi.

"Na Eve ana miaka mingapi?"

"Ametimiza minne."

Qatar ilikuwa na miaka miwili tu. Eve alipozaliwa, Kibe alikuwa bado ananyonya, na Dedan alikuwa analala kwangu kila usiku isipokuwa zile siku za kuingia zamu. Sasa nilijua zamu zilikuwa wapi. Nilitaka kupiga kitu. Vilivyokuwa karibu vyote vilikuwa viti vyangu.

Mwenye mkokoteni akarudi. "Mathee, bado safari moja."

"Fanya haraka," nikamwambia.

Carolyne akavuta kiti chake karibu na changu. Akashika mkono wangu, sauti ikashuka.

"Wifi, Mungu ndiye amekuleta leo. Jumamosi hii ni ruracio yangu. Dedan anapeleka mahari kwetu Githunguri. Hivi viti na meza nilinunulia hiyo siku, wageni waketi vizuri, halafu nianze kukodisha. Lakini baba yangu amekataa kabisa kumpokea. Anasema mwanamume anayekuja peke yake na marafiki wa kazi hana mizizi. Anataka mtu wa damu. Hata mmoja tu. Baba amesema asipokuja mtu wa damu, nirudi nyumbani na mtoto, hii ndoa ya kukaa tu hataki kuisikia tena." Macho yake yalijaa machozi. "Njoo usimame kwa ajili ya ndugu yako. Hata kama bado una hasira naye. Nifanyie mimi."

Nilikuja kumvua huyu mtu kitambaa. Sasa alikuwa analia kwenye mkono wangu, na yeye alikuwa amedanganywa kama mimi, tofauti ni kwamba alikuwa bado hajajua. Nami nilikuwa kama yeye hadi saa nane ya mchana huo. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo iliniudhi kuliko kila kitu, kwa sababu sikuja nayo.

"Tumemaliza, mathee," mwenye mkokoteni akasema mlangoni.

Viti vyangu vyote vilikuwa mkokotenini. Sasa sema, nikajiambia. Fungua mdomo useme.

Carolyne akainuka akaingia jikoni, akarudi na chapati zimefungwa kwenye gazeti, bado za moto.

"Za watoto wako," akasema. "Waambie ni za auntie."

Nikazipokea. Sikusema.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamume mwenye ovaroli ya madoa ya rangi, amebeba maziwa na mkate. Alikuwa ameongezeka tumbo. Qatar ilimpenda.

"Baba Eve!" Carolyne akaruka. "Hebu ona nani yuko hapa!"

Dedan alinitazama. Nilitaka kuona uso wake ukivunjika, nilikuwa nimeungoja njia nzima, na kwa muda mfupi kabisa nikadhani nimeuona. Kisha akaweka mkate mezani. Akanijia na mkono mbele, akatabasamu.

"Dada," akasema. "Karibu sana."

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, wasomaji. Dada.

Nikamshika mkono. Nikaubana hadi nikasikia vidole vyake.

"Asante, kaka. Carolyne ameniambia kuhusu Jumamosi. Nitakuja," nikasema. "Na nitakuja na Gathoni na Kibe. Lazima wamsindikize mjomba wao."

Carolyne alipiga vigelegele vitano mfululizo, Eve naye akapiga. Dedan alitafuta kiti. Alikaa bila kuangalia nyuma.

"Watoto wana shule," akasema.

"Jumamosi?" nikamwuliza.

"Wacha waje!" Carolyne akasema. Tayari alikuwa ameweka simu sikioni. "Mama! Mama, watu wa Dedan wamepatikana! Dada yake yuko hapa kwangu! Ndiyo, wa damu! ... Ngoja, nakupea uongee naye."

Akanipa simu. Dedan akanyoosha mkono aichukue yeye, lakini nilikuwa karibu zaidi.

Sauti ilikuwa ya mama mzee, ya taratibu, na nyuma yake kuku walikuwa wanalia. Alinisalimia vizuri. Aliniuliza kama tumenyeshewa. Kisha akaniuliza lile swali ambalo mama yangu mimi aliuliza siku watu wa Dedan walipokuja kwetu, nikiwa nimejificha jikoni na gauni jipya.

"Samahani mwanangu, lakini hapa kwetu lazima tujue tunayempokea. Wewe ni nani wa Dedan?"

Dedan alikuwa ameinua uso. Midomo yake ilitamka dada, bila sauti, mara mbili. Carolyne alikuwa ameniwekea mkono begani, anatabasamu na mwanya wake wote. Chini barabarani mwenye mkokoteni aliniita kwa sauti, kwamba mvua inarudi, na kwamba yeye ataondoka na viti, niwepo nisiwepo.

"Mama," nikasema kwenye simu, "hebu keti chini kwanza."